Saa ilisema, mkaguzi akaandika

Niseme mapema nilichokuja kusema: ile Vespa Sprint iliyokaguliwa haijatembea kilomita 11,000, na mkaguzi aliyeandika "kilomita halisi" kwenye fomu amefanya kosa ambalo hata kijana anayejifunza gereji hapaswi kulifanya. Ukaguzi ulifanyika hadharani, simu zikirekodi, na wengi wenu mmeutazama zaidi ya mara moja, kwa hiyo sitausimulia kuanzia mwanzo. Nataka tusimame pale pale alipoinama mbele ya usukani, akafuta kioo cha spidomita kwa kidole gumba, akasoma tarakimu kwa sauti, akainuka na kuandika. Hakushika kebo, wala hakuuliza saa ile imefungwa lini. Alisoma, akaamini, akatia sahihi.

Mengine aliyafanya sawa: alisoma VLB1T kwenye chesisi na VLB1M kwenye injini, sumaku ikapita kwenye sakafu na mbawa zote kutafuta puti, taa zikajaribiwa. Haki yake nimempa. Sasa turudi kwenye kioo.

Spidomita ya Vespa haijui injini imefanya kazi kiasi gani. Inachohesabu ni mizunguko ya gurudumu la mbele. Kijigia kidogo ndani ya habu huzungusha kebo nyembamba, kebo hupanda ndani ya mhimili wa usukani, na juu kabisa husukuma vigurudumu vya tarakimu. Mnyororo huo una sehemu tatu, na zote tatu ni dhaifu. Kijigia hulika meno. Kebo hukauka grisi, hupinda, hukatika. Saa yenyewe huingia maji na mkono wake huanza kucheza. Mwenye Vespa yeyote wa Unguja, Mombasa au Tanga atakwambia kwamba kebo ya spidi ndiyo kitu cha kwanza kukatika na cha mwisho kununuliwa, kwa sababu chombo kinaendelea kwenda bila hiyo. Tairi zinabadilishwa, ringi zinabadilishwa, klachi inafungwa mpya, na saa imesimama palepale iliposimama miaka kumi iliyopita. Kisha chombo kikipelekwa sokoni, muuzaji anafunga kebo mpya, mkono unacheza, tarakimu zinasogea, na tarakimu ya zamani inaanza kuitwa historia.

Hata saa isiyowahi kusimama haina ushahidi kamili. Nyingi za zama zile hazina nafasi ya laki. Ikifika 99,999 inarudi kwenye sufuri na kuanza upya, bila kuacha alama yoyote. Kwa hiyo 11,000 inaweza kuwa 11,000, inaweza kuwa 111,000, na inaweza kuwa 11,000 ya saa iliyong'olewa kwenye chombo kingine kabisa. Zaidi ya hapo, saa za kopi zinauzwa mpya, zenye uso unaofanana na wa zamani, zikianza na sufuri tano. Mkaguzi anayesoma tarakimu na kuiandika kama ukweli anakuwa amekagua saa, na chombo bado hajakigusa.

Tazameni tena ile video, safari hii kwa kuisimamisha. Kebo inayoingia kwenye habu ya mbele ina ganda jeusi linalong'aa, halina hata alama ya matope wala mpasuko. Hiyo ni kebo ya juzi. Ukingo wa chuma unaoshika kioo cha saa una mikwaruzo mifupi upande mmoja, ya aina ile inayoachwa na bisibisi inapofungua ukingo na kuukunja tena. Teremkeni mpaka kwenye pedali ya breki: raba ni mpya, lakini chuma kinachoonekana pembeni yake kimelika mpaka pembe yake imekuwa duara. Mguu wa mtu hauli chuma cha pedali kwa kilomita 11,000. Kisha sikilizeni jaribio la barabarani. Alipotia gia ya pili na kuongeza moto, ilirudi katikati, injini ikalia tupu, naye akaitia tena bila kusema neno. Ule ni msalaba wa gia uliolika pembe. Mkono mbaya unaweza kuuharibu mapema, sikatai. Lakini pedali iliyolika, saa iliyofunguliwa, kebo mpya na gia inayoruka, vyote kwenye chombo kimoja na siku moja, vilitosha kumfanya mtu aweke kalamu chini.

Kama angeiweka chini, kazi iliyobaki haikuwa kubwa. Sprint ina silinda moja, na kichwa chake kimeshikwa kwa nati nne. Unatoa kifuniko cha pembeni, unatoa plagi, unatoa lile bati la kuongozea upepo, unafungua nati nne, na kichwa kiko mkononi. Injini haishuki na gurudumu halitoki. Hapo juu ya pistoni ndipo panaposomwa historia ambayo hakuna anayeweza kuirudisha nyuma kwa bisibisi.

Silinda ya Sprint ilitoka kiwandani na kipenyo cha milimita 57, na mwendo wa pistoni nao ni milimita 57. Ndiyo maana ile tunayoiita 150 kwa kweli ni sentimita za ujazo 145. Silinda ikilika, fundi huichonga na kufunga pistoni ya ovasaizi, na Piaggio waliweka hatua zake: 57.2, kisha 57.4, kisha 57.6. Mara nyingi kipimo kimegongwa juu ya kichwa cha pistoni. Futa masizi kwa kitambaa chenye petroli, usome. Ukikuta 57.4, ujue kwamba silinda ile imekwisha kulika mara mbili na kuchongwa mara mbili, au fundi aliruka hatua kwa sababu uharibifu ulikuwa mkubwa. Kwa vyovyote vile, mtu aliyekuuzia kilomita 11,000 ana maelezo ya kukupa. Namba ya pistoni haiwezi kukwambia kilomita ngapi. Lakini inaweza kukwambia kwamba hadithi ya saa haiwezekani, na kazi ya kwanza ya mkaguzi ni kujua lipi haliwezekani.

Najua kuna atakayesema: na kama pistoni inasema 57.0? Vizuri, endelea kupima. Silinda mpya nzima inaweza kuwa imefungwa, na hiyo nayo husema 57.0. Angalia mapezi ya kupoozea: ya miaka mingi yana vumbi lililoungua na kutu ya rangi moja na injini nzima, mapya ni ya kijivu safi yakiwa yamekaa juu ya injini yenye uchafu wa nusu karne. Pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Ukikwama kwenye ngazi, ukuta umelika. Shika flaiwili uipandishe na kuishusha. Ikicheza, beringi za krenki zimechoka. Geuza usukani taratibu gurudumu la mbele likiwa juu. Ukihisi unakwama katikati kama unaoingia kwenye shimo, beringi za mhimili zimepigwa na barabara kwa miaka. Hakuna shahidi mmoja hapa anayetosha. Wakikubaliana watano, hapo ndipo mkaguzi anapata haki ya kuandika sentensi moja.

Tena nataka niwe wa haki kwa upande wa pili, kwa sababu vyombo vya kilomita chache vipo kweli. Kuna Vespa iliyonunuliwa na mzee wa Italia, ikatembea misimu michache, mwenyewe akafariki, ikakaa bandani mpaka wajukuu walipofungua mlango. Chombo hicho kina sura yake, na haifanani na hii tuliyoiona. Tairi zake ni za zamani na zimepasuka ubavuni ingawa kashata bado ni nene. Oili sili zimekuwa ngumu kama mfupa. Tangi lina kutu ndani. Raba za sakafuni zimekauka lakini hazijalika. Raba ya kiki bado ina mistari. Huo ni umri bila uchakavu. Ile Sprint ya kwenye video ni kinyume chake: kila kinachozeeka kimebadilishwa na kila kinacholika kimelika. Ni uchakavu uliofichwa umri wake. Mkaguzi aliyewahi kuona aina zote mbili asingechanganya.

Nikiwa hapa, niwageukie na watazamaji, maana baadhi yenu mlipiga kelele mahali pasipostahili. Mlisema namba za injini na chesisi hazilingani, kwa hiyo ni wizi. Nimeandika juu ya jambo hili mara nyingi na nitaendelea kuandika. Kwenye Vespa, zinazolingana ni zile herufi za mwanzo. VLB1T ni mwili, VLB1M ni injini. Baada ya hapo kila kimoja kina mfululizo wake, na kiwanda cha Pontedera hakikuwahi kuahidi kwamba tarakimu zitafanana. Imani ya namba zinazofanana mmeitoa kwa Triumph za Uingereza, ambako injini na fremu ziligongwa namba moja, na huko ni kipimo cha haki. Ukikuta Sprint ya Italia ambayo tarakimu zake zinafanana zote, hapo ndipo uwashe tochi, kwa sababu huenda kuna mtu aliyezigonga ili kukufurahisha.

Na namba ya chesisi isiguswe kwa msasa. Hili nalo ni la zamani kwangu. Mtu anataka kusoma namba vizuri, anapitisha grinda, rangi inatoka pamoja na nusu ya kina cha herufi, na chombo kilichokuwa halali kinaanza kutiliwa shaka na kila ofisi. Rangi ile inatolewa kwa kemikali na brashi laini. Namba za Piaggio zina alama ya nyota mwanzo na mwisho, na chombo kilichouzwa Italia kina pia muhuri wa idhini unaoanza na IGM na kuishia na OM. Angalia kina cha herufi, angalia mstari wao, kisha angalia nyuma ya bati kama kuna alama ya moto wa kuchomelea. Wapo waliokata kipande chenye namba kutoka mwili uliooza na kukishonea kwenye mwili mwingine. Hapo mkaguzi wetu alitazama, na alitazama vizuri.

Rangi mpya ya ile Sprint ndiyo iliyomlewesha mkaguzi. Nimekwisha kupoteza marafiki kwa kusema kwamba rangi mpya inayong'aa ni sababu ya kupunguza bei, na sijutii. Vespa haina fremu ya mabomba iliyovikwa mabati. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, aliichora ili bati lenyewe liwe fremu. Sakafu, ngao ya mbele na mkia ni kitu kimoja kinachobeba uzito. Kwa hiyo sakafu iliyooza na kushonewa viraka chini ya rangi nzuri ni fremu iliyokatika. Kipindi kizima cha Vespa zilizofufuliwa Vietnam na kuuzwa Ulaya na Marekani kilitufundisha hilo: nje zilimeta, ndani zilikuwa puti na bati la kuunga. Ukitaka rangi ya kiwandani itafute isikofika bunduki ya spre: chini ya tangi, ndani ya kisanduku cha vifaa, ndani ya kichwa cha usukani. Ikiwa hata huko ni rangi ya juzi, basi chombo kilivuliwa chote, na aliyekivua chote alikuwa na nafasi ya kubadilisha chochote, pamoja na saa.

    

Karatasi zilikuwa zimelala mezani wakati wa ukaguzi, na hakuna aliyezifungua kutafuta kilomita. Hata kama angezifungua, asingepata kitu, na hilo lenyewe lilipaswa kumwambia jambo. Libretto, yaani kitabu cha usajili cha Italia cha zama zile, inakueleza chombo kilisajiliwa lini na kina chesisi namba gani. Haikwambii kimetembea kiasi gani. Chombo kutoka Uingereza kinaweza kuwa na afadhali, kwa sababu ukaguzi wa kila mwaka wa MOT huandika usomaji wa saa, na ukipanga vyeti kwa miaka unaona kama tarakimu zinapanda au zinarudi nyuma. Ila tangu Mei 2018 vyombo vingi vilivyozidi miaka 40 vimesamehewa ukaguzi huo, kwa hiyo vyeti vingi vinaishia hapo. Kumbukeni pia kwamba saa za Uingereza huhesabu maili: 30,000 za kule ni zaidi ya kilomita 48,000 za huku, na nimeona matangazo yanayosahau tofauti hiyo kwa faida ya muuzaji. Japani nako, pikipiki zisizozidi sentimita za ujazo 250 hazimo kwenye ukaguzi wa shaken, kwa hiyo skuta ndogo iliyotoka huko haina mlolongo huo wa serikali. Pasipo karatasi, chuma ndicho kinachobaki kuulizwa. Na chuma hakikuulizwa.

Wazee wa gereji za Ng'ambo na Mji Mkongwe, Unguja, hawakuwa na fomu. Walikuwa na bisibisi ndefu. Ncha yake waliiweka kwenye kava la injini na mpini kwenye sikio, wakasikiliza beringi. Walishika kiki na kuisukuma kwa mkono, polepole, wakapima mgandamizo kabla ya kuwasha. Walikuuliza jina la fundi aliyefungua injini mara ya mwisho. Tarakimu za spidomita hawakuzitazama kabisa, kwa kuwa kwenye gereji zao nusu ya saa hazikufanya kazi, na kwa hiyo walijifunza kusoma kila kitu kingine. Hewa ya chumvi ya visiwani haikuwaruhusu uvivu. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, wao walifungua. Wakaguzi wetu wa leo wana tochi za simu, kamera za kuingiza kwenye tundu la plagi na vipimo vya unene wa rangi, na bado wanasimama mlangoni.

Kinachonikera zaidi ni kwamba uongo wenyewe haukuhitajika. Kwa nini kilomita nyingi ziwe aibu? Giorgio Bettinelli aliondoka Roma mwaka 1992 kwa Vespa akafika Saigon, kisha akaendelea kuzunguka mabara, akipitia pia Afrika mpaka Cape Town, akikusanya zaidi ya kilomita laki mbili juu ya vyombo vya aina hii. Hakuna aliyemwambia kwamba Vespa zake zimepoteza thamani. Chombo kilichotembea, kikachongwa silinda kwa hatua zinazoeleweka, kikatunzwa na fundi anayejulikana, kina thamani kuliko kile kinachodai kutotembea na kukataa kufunguliwa. Sisi wanunuzi ndio tuliowafundisha wauzaji kuogopa tarakimu kubwa, na sasa wanatuuzia tunachotaka kusikia.

Najua utetezi utakaokuja: muuzaji asingekubali kichwa kifunguliwe. Inawezekana. Ana haki ya kukataa, chombo ni chake. Lakini mkaguzi naye ana haki, tena ana wajibu, wa kuandika kwamba amekataliwa. Atasema muda haukutosha. Muda wa kujaribu taa na honi ulitosha. Atasema fomu ina sehemu ya kilomita na lazima ijazwe. Basi ijazwe hivi: "Saa inasoma 11,000, kilomita halisi hazijathibitishwa, kebo ni mpya, saa ina dalili za kufunguliwa, gia ya pili inaruka, silinda haikufunguliwa." Sentensi hiyo ingemwambia mnunuzi kila alichohitaji kujua, na isingemdhulumu muuzaji kwa neno hata moja. Mimi mwenyewe siwezi kusema ile Sprint imetembea kilomita ngapi. Mkaguzi naye hakuweza, na kosa lake ni kuandika kana kwamba anajua.

Kwa mnunuzi, kama fedha zote hazijalipwa, ushauri wangu ni mfupi. Simamisha malipo. Omba nati nne zifunguliwe mbele yako, upige picha ya pistoni na mapezi ya silinda, na upige picha ya msalaba wa gia siku injini itakapogawanywa. Ikitoka 57.0 na ukuta safi, silinda ya kiwandani ikiwa palepale, nitaandika hapa kwamba saa ilisema kweli, na jina la Sprint ile litakuwa safi kwangu. Ikitoka 57.4, tafuta bei ya chombo kilichotumika, kwa sababu ndicho unachonunua, na kwa bei hiyo ni chombo kizuri. Na ile fomu irudishwe kwa aliyeiandika, aifute ile sehemu ya kilomita kwa mkono wake mwenyewe.